Maji Hayamngoji Mgonjwa

Usiku ule zamu ya maji ya Ami, ndugu wa baba yangu, ilianza saa nane. Alikuwa na athar nne, na athar moja ni kama nusu saa. Kuanzia saa nane hadi saa kumi za usiku mfereji wote ulikuwa wake. Kabla na baada ya hapo ulikuwa wa watu wengine. Alitoka na tochi na jembe kama alivyotoka kila zamu kwa zaidi ya miaka arobaini. Ilipofika saa tisa, kijana wake wa kazi, Mbangladeshi, akaona tochi imelala chini inamulika ukuta. Ami alikuwa kando yake, ameegemea ukingo wa udongo, mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia hauinuki. Maji yalikuwa yakipita juu ya miguu yake na kwenda zake shamba la jirani.

Simu ilinifikia Bustan saa kumi na nusu. Nikajibu neno ambalo likinijia usiku hadi leo usingizi hupaa: "Mpumzisheni, tutaona asubuhi."

Wenyeji wa hapa ugonjwa huo huuita jalta. Sisi tunasema kiharusi, na bibi yangu kule Pemba alikuwa akisema mtu kapigwa na upepo, basi, maneno yameisha. Lakini upepo huo una saa zake. Ikiwa damu imeganda ndani ya mshipa wa ubongo, ipo dawa ya kuyeyusha bonge hilo, na dawa hiyo hupewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, baada ya picha ya CT kuonyesha kwamba mshipa haukupasuka. Kwa mshipa uliopasuka dawa ile ile inaweza kuua. Ami alifikishwa hospitali saa mbili asubuhi. Katikati hapo alilambishwa asali, akapakwa mafuta ya habasoda, jirani akamsomea. Kisomo hakina kosa, ila kingesomwa garini. Namba ya dharura Oman ni 9999, hata mtoto wa darasa la kwanza anaijua, na katika nyumba ile yenye watu wazima sita hakuna aliyeipiga. Wote walikuwa wananisubiri mimi wa Muscat, msomi, niseme la kufanya. Nami nilishasema.

Nieleze kidogo nilipo. Bustan ni kijiji kilichobanwa baina ya mlima na bahari, nje kidogo ya mji mkongwe wa Muscat. Kilikuwa cha wavuvi. Ilipojengwa hoteli kubwa ya Al Bustan Palace, iliyofunguliwa mwaka 1985 kwa ajili ya mkutano wa wakuu wa nchi za Ghuba, watu wake wakahamishwa na kujengewa nyumba pembeni. Kwenye mzunguko wa barabara limewekwa jahazi la Sohar, lililoshonwa kwa kamba za nazi bila misumari, ambalo Tim Severin na wenzake walilipeleka hadi China mwaka 1980 na 1981. Kila mgeni wangu kutoka Zanzibar hulitazama akasema: mtepe huu! Bustan kwa Kiarabu ni shamba la miti ya matunda. Sisi tulilichukua neno tukalifanya bustani ya maua, na siku hizi Bustan yenyewe ina maua mengi kuliko matunda, na wakaao humu wengi ni watu wa mishahara kama mimi. Shamba tunalo, lakini liko upande wa Ibra, kilomita 150 hivi kutoka hapa, na mtu wetu wa shambani alikuwa mmoja tu.

Ami alizaliwa Pemba, akaja Oman katika miaka ya 1970, Sultan Qaboos alipowaita waliotawanyika warudi. Ndugu zake walishika ofisi na jeshi. Yeye alikwenda kijijini kwa babu yake, akakuta mitende imezeeka na hisa za maji zimekodishwa, akakomboa kimoja kimoja. Wazee wa huko shamba la mitende huliita mal. Ukisema fulani ana mal, hapo hawahesabu fedha.

Ami alihamishiwa Hospitali ya Khoula, Muscat, na kwa kuwa nyumba yangu iko dakika ishirini kutoka hapo pasipokuwa na foleni, Bustan ikawa kambi. Mama Mkubwa, mkewe Ami, alipewa chumba cha watoto. Tukaanza kufanya yale tunayoyajua, na tunayajua sana. Madele ya kahawa, sahani za halwa, sambusa, vitumbua vya dada mmoja wa Al Khuwair ambaye hakosi msibani wala harusini. Khitma ilisomwa. Kundi la ukoo kwenye WhatsApp likajaa dua na mikono iliyofumbatana, na siku ya pili ukaanza mchango. Mchango wenyewe hatukujua tuupeleke wapi, kwa sababu raia wa Oman hutibiwa hospitali za serikali kwa ada ndogo au bila ada. Tulikuwa tunachangia kwa mazoea ya Pemba ugonjwa uliotokea Muscat.

Siku ya tatu Ami akasema neno lake la kwanza. Alisema: "Maji."

Chumba kizima kikanyanyuka. Mmoja kashika chupa, mwingine kijiko. Muuguzi wa Kihindi akaingia mbio akatuzuia kwa mikono miwili: mgonjwa hajapimwa kumeza, na mwenye kiharusi akinyweshwa kabla ya kupimwa maji yanaweza kuingia mapafuni. Tukatii, tukarudi ukutani, tukamhurumia kwa kiu. Ami akasema tena, na safari hii kwa hasira: "Maji!" Mama Mkubwa, aliyekuwa amekaa kimya upande wa dirisha, akasema, "Huyo hana kiu. Leo Jumatano. Anauliza nani kachukua zamu."

Hakuna aliyejibu, kwa sababu hakuna aliyekuwa na jawabu.

Nitasimama hapa kidogo kwa jambo jingine. Ami alikuwa amepoteza maneno, na maneno yaliporudi, yalirudi ya Kiswahili. Kiarabu, alichokitumia falajini, msikitini na sokoni kwa nusu karne, kilikawia wiki kadhaa. Mfaransa Théodule Ribot alishika katika karne ya 19 kwamba lugha ya utotoni ndiyo hurudi kwanza. Mwenzake Pitres, mwaka 1895, akaona hurudi ile mtu aliyokuwa akiitumia zaidi. Hadi sasa wagonjwa huwapa ushahidi wote wawili. Kwetu jambo hilo lilikuwa la kazi: mtaalamu wa kumrudisha usemi alikuwa na picha na maneno ya Kiarabu, na Ami akioneshwa picha ya mlango alikuwa akitazama dari. Mjukuu wake akamwambia, "Babu, hiki nini?" Akasema mlango. Tangu siku hiyo mjukuu akawa mkalimani, na mtaalamu, Mungu amlipe, akajifunza maneno kama thelathini ya Kiswahili na kuyaandika pembeni mwa kadi zake. Wenye mzee wa Kizanzibari hospitalini wasiogope kulisema hili mapema. Mzee anayeonekana hasikii huenda hajaulizwa kwa lugha yake.

Turudi kwenye maji. Msomaji wa Unguja au Mombasa ambaye hajaiona falaji afikirie mfereji unaotoa maji chini ya mlima na kuyaleta shambani kwa mteremko tu, bila pampu wala umeme. Oman ina falaji zipatazo 3,000 zinazotumika hadi leo, na tano kati yake ziliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006. Maji yake yamegawanywa kwa muda: hurithiwa, huuzwa, hukodishwa, mengine yamewekwa wakfu kwa msikiti. Zamani mchana ulipimwa kwa kivuli cha mti uliochomekwa chini na usiku kwa nyota. Zamu ikikupita hailipwi. Nyuma yako yupo mtu amesimama na jembe lake, na nyuma yake yupo mwingine.

Usiku ule ule wa Jumatano Mbangladeshi akapiga simu. Hakuuliza habari za shamba, aliuliza Baba vipi. Ndipo mwisho akasema kwa Kiarabu chake cha kuokoteza kwamba mnaghali umepasuka. Sikuelewa. Mama Mkubwa akaninyang'anya simu.

Mnaghali ni mtende wa aina ya naghal, unaowahi kuliko mingine. Ilikuwa Februari, na makarara ya mitende majike yalikuwa yameanza kufunguka. Mtende hauchavushwi na nyuki wala haungoji bahati ya upepo. Mtu lazima apande, achukue vishada vichache vya maua ya dume, avitumbukize kichwa chini katikati ya maua ya jike na kufunga kwa ukuti. Karara likishapasuka zipo siku chache tu za kufanya hivyo. Tena makarara ya mtende mmoja hayafunguki pamoja, kwa hiyo hupandwa leo, hupandwa tena baada ya siku nne tano, na aina hufuatana: naghal, kisha khunaizi, kisha khalas, khasab mwisho kabisa. Ukikosa wiki tatu za Februari na Machi umekosa mwaka. Na sisi, watu thelathini kwenye kundi la WhatsApp, tulikuwa tumegawana zamu za kulala hospitali, tumegawana zamu za kupika, na hakuna hata mmoja aliyetia jina lake kwenye zamu ya mitende.

Ijumaa tukaondoka alfajiri, mabinamu watatu na mimi. Mmoja mhasibu, mmoja fundi wa ndege, mmoja anauza simu. Shambani tulimkuta jirani, mzee wa umri wa Ami, juu ya mtende wetu. Habul, ule mshipi wa kamba wa kupandia, umemzunguka kiuno na shina, naye anafunga shada kama anayefunga kilemba. Alikuwa hapo tangu Alhamisi. Hakuna aliyemwomba. Alitutazama, akatazama viatu vyetu, akaendelea.

Yeye ndiye aliyetueleza kwamba zamu ya Jumatano haikupotea. Wakili wa falaji, anayesimamia mgawo, alikuwa ameshabadilishana: mwenye hisa za mchana alichukua za usiku za Ami ili kijana wa kazi apate kumwagilia mchana peke yake bila kuhangaika gizani. Kijiji kilikuwa kimelipanga siku ile ile Ami alipoanguka, kwa maneno machache baada ya swala ya adhuhuri. Sisi wa mjini tulipeleka halwa.

Nilijaribu kupanda. Mita tatu nikatetemeka magoti, jirani akacheka mpaka akajishika shina. Nikabaki kwenye mitende mifupi, ile unayoifikia kwa ngazi, na nikachavusha kumi na miwili kwa mikono yangu. Kumbukeni idadi hiyo, nitairudia.

Nikiwa juu ya ngazi nilimkumbuka mjomba wangu wa Pemba, upande wa mama. Miaka mingi iliyopita kidole tumbo kilimpasukia mwezi mmoja kabla ya karafuu kukomaa. Akavushwa Unguja kwa meli, akapasuliwa, akalazwa muda mrefu. Mkewe alikuwa na watoto watano na mikarafuu imejaa vikonyo vya kijani, hana wa kumchumia na hana nauli ya kumfuata mumewe. Akaikodisha mikarafuu yote kwa mfanyabiashara, karafuu zikiwa bado juu ya mti, kwa bei ya mtu mwenye dhiki. Mwaka ule ulikuwa wa neema. Watoto wake walichambua karafuu za mtini kwao wenyewe kwa ujira wa pishi. Ndugu wa Muscat walileta fedha, naam, nzuri tu, kwa ajili ya hospitali, na zilifika wiki moja baada ya mkataba. Zingefika kwa jina la kibarua cha kuchuma, au angefika mtu mmoja tu na ngoweko ya kuvutia matawi, shamba lingelipa hospitali na likabaki na chenji. Karafuu haiweki ahadi na mtu. Isipochumwa ikiwa tumba hufunguka, ikishafunguka huwa mpeta, na mpeta ni mbegu, si fedha.

Shirika la Taifa la Biashara Zanzibar, ZSTC, limekuwa likiwafidia wanaoanguka mikarafuu wakichuma, nayo ni kheri kubwa. Lakini anayeanguka na ugonjwa chini ya mkarafuu wake habari yake ni nyingine.

Kuna ya zamani zaidi, na inaunganisha pande zote mbili za bahari hii. Babu zetu, Oman na Zanzibar, walikuwa na mauzo ya khiyari: unamuuzia mtu shamba kwa fedha taslimu, ukibaki na haki ya kulikomboa ndani ya muda mliokubaliana, na mara nyingi ukiendelea kulilima na kulipa kodi, ambayo ndiyo riba iliyovaa kanzu. Muda ukipita, shamba limekwenda. Deni la mashamba lilizidi mpaka katika miaka ya 1930 serikali ya Kiingereza Zanzibar ikatunga sheria za kuzuia ardhi isimezwe na wadai. Vitabu hueleza bei ya karafuu kuanguka, na hueleza gharama za harusi na ufakhari. Mama Mkubwa ana maelezo yake: baba yake alitia khiyari konde la mitende hamsini Sharqiya, upande ule ule wa Ibra, mwaka alioumwa, akapona, na muda ulikuwa umepita siku kumi na moja. Hiyo ndiyo mitende aliyokuja kuikomboa Ami.

Fedha za mchango tuliishia kuzitumia kwa kiti cha magurudumu, kitanda cha kuinuka kichwa, nguo za mgonjwa, na gari la kumpeleka mazoezini mara tatu kwa wiki. Ami hupata riali 115 kwa mwezi, fungu la wazee la Mfuko wa Hifadhi ya Jamii lililoanza Januari 2024, nazo ni msaada wa kweli, ila hazikupangwa kwa nyumba yenye kiharusi na mitende mia mbili.

Hesabu za shamba zilikuwa katika daftari moja dogo, limefungwa kwa mpira, nyuma ya kiti cha pikapu. Mhasibu wetu alilifungua kwa furaha, akalifunga. Ami aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama walivyofundishwa wazee wa Pemba, na hakuna kijana kati yetu aliyeweza kusoma: wa Kiarabu walizijua herufi bila maneno, na sisi wengine maneno bila herufi. Mama Mkubwa akavaa miwani, akatusomea kitandani usiku mmoja mzima. Nani kakopa majani ya mifugo. Mbuzi yupi wa nani. Athar mbili zilizokodiwa kwa yatima fulani, kodi yao kila mwisho wa Ramadhani. Na kila ukurasa, mwisho wa mwezi, mstari mmoja: mshahara wa kijana, kapewa mkononi.

Mstari huo ulikomea Januari. Tulikuwa katikati ya Aprili. Aliyemwokota Ami gizani, aliyemwagilia, aliyepiga simu kuhusu mnaghali, alikuwa hajalipwa miezi miwili na nusu na hajasema neno. Nilipompelekea nilimuuliza kwa nini alinyamaza. Akasema baba yake Noakhali ni mkulima wa mpunga, na aliwahi kuumwa wakati wa kupandikiza. Basi anajua nyumba yenye mgonjwa. Akahesabu fedha, akarudisha riali tano nilizozidisha kwa aibu, akasema hizo atapewa na Baba mwenyewe.

Ami alirudi kijijini mwezi wa Mei. Anatembea kwa fimbo, mguu wa kulia anauburuta, mkono unafunguka nusu. Kiarabu kimerudi kikiwa na mashimo. Kule hospitali walisema mazoezi na subira, wala hawakuahidi zaidi.

Mwisho wa Juni tulikwenda sote kwa ajili ya mavuno. Masufuria ya shaba yalikuwa tayari motoni kwa mabsali, tende inayochemshwa kabla ya kuanikwa, na moshi wake umetanda kijiji kizima. Mitende mirefu, ile aliyoichavusha jirani, ilikuwa imeinama kwa uzito. Ami akaomba asukumwe kwa kiti cha magurudumu mpaka kwenye mitende mifupi. Tukamsukuma. Akaitazama, mmoja, wa pili, wa tatu. Mashada yalikuwapo, ila membamba, tende ndogondogo zimebanana tatu tatu kama vidole vya mtoto. Akanyoosha mkono wa kushoto, akachuma moja, akaipasua kwa kucha.

Ndani hamkuwa na kokwa. Tende isiyochavushwa huwa hivyo.

Akaigeuza kwenye kiganja, akahesabu mitende kwa kidole, polepole, mpaka kumi na miwili. Kisha akanitazama mimi. Akatafuta neno muda mrefu, nasi tukangoja, na lilipokuja lilikuja la Kiswahili.

"Mwakani," akasema, "wewe ushike ngazi tu."